Kinanda Kipya cha Huwaria

Huwaria na Bakhta walikuwa mashoga tangu meno ya utotoni. Pale mtaa wa Hamri, mjini Oran, Algeria, ukimtaja mmoja umemtaja na mwenzake. Huwaria alikuwa na koo, Bakhta alikuwa na vidole, na katika karamu za wanawake kiti cha kinanda, ubavuni mwa mwimbaji, kilikuwa cha Bakhta kama kitu cha urithi.

Kisha kinanda chao kikongwe kikafa katikati ya sherehe ya tohara, kikaacha harufu ya waya ulioungua. Kaka yake Huwaria akawaletea kingine kutoka Marseille: kirefu, cheusi, kina kioo kinachong'aa na vitufe vimesongamana kama mbegu za komamanga.

Bakhta akakikalia, kikundi kizima kinatazama. Kwenye kile cha zamani kila noti ilikuwa na swichi yake. Ukiibonyeza, noti inashuka kidogo tu, na wimbo unapata uchungu wake. Hapa hakuna swichi. Alitafuta, akaambulia patupu. Alipoweka mkono wa kushoto kuanzisha mdundo, kinanda kikamtolea muziki wa gwaride la Wazungu, tarumbeta na kila kitu, na hakikutaka kunyamaza.

Mukhtaria, mpiga tari, alicheka hadi akashika mbavu. "Bakhta we! Unamwoza nani leo, jenerali?"

Huwaria naye alicheka. Hilo Bakhta hakulisahau.

"Sogea kidogo, shoga yangu," Huwaria alisema. "Yule Nesrin wa saluni hapo chini, kaka zake wana bendi. Atushikie leo tu."

Leo tu ikazaa kesho, kesho ikazaa majira mazima ya harusi. Nesrin alikuja na kucha zenye madoa ya hina ya wateja, akagusa hapa, akagusa pale, na kinanda kikamtii. Bakhta akapewa dumbaki, akakaa nyuma.

"Zoea, mke mkubwa," Mukhtaria alimnong'oneza. "Huyo ndiye kipenzi cha bwana sasa."

Bakhta alitabasamu, lakini rohoni alikuwa anaungua. Alimwona Huwaria akimrekebishia binti yule kibanio cha nywele kabla ya kupanda jukwaani. Alimsikia akimwita "mwanangu". Alisikia vicheko vyao garini, kiti cha mbele, naye amebanwa nyuma na spika.

Huwaria alipokwenda Tlemcen kumlea binti yake aliyejifungua, alimwachia Bakhta ufunguo wa nyumba amwagilie mirehani. Bakhta alimwagilia mirehani, akafunga mlango, akakaa mbele ya kinanda.

Alirudi kila asubuhi. Alijifunza kwa hasira, kama mtu anayemhoji mwizi. Alijua gwaride linatoka wapi na linanyamazishwaje. Alijua kutafuta mdundo wa rai, muziki wao wa Oran, na kuupunguza mwendo. Siku moja akafungua ukurasa mmoja ndani ya kile kioo, akakuta picha ya kinanda kidogo. Akagusa noti moja pichani kwa kidole, kisha akaipiga kwenye kinanda chenyewe. Ikashuka! Bakhta alipiga kigelegele peke yake sebuleni.

Angeishia hapo ingekuwa heri. Lakini akafungua ukurasa mwingine, akakuta kazi ya Nesrin: nyimbo zote za Huwaria zimehifadhiwa, kila moja na kitufe chake. Wa kwanza ulikuwa umeandikwa "Mama Huwaria".

Mama! Tangu lini?

Kinanda kikauliza kama afute. Bakhta akabonyeza ndiyo. Akaendelea hadi ukurasa ukawa mtupu.

Harusi ya kwanza baada ya Huwaria kurudi ilikuwa alasiri, ukumbi umejaa, bibi harusi yumo ndani ya blusa, gauni refu la harusi la Oran, iliyotariziwa lulu. Huwaria akainua kipaza sauti, Nesrin akabonyeza kitufe chake. Gwaride! Ukumbi ukaangua kicheko. Nesrin akabonyeza kingine, kisha kingine, uso umemparama. Halafu akazima midundo yote. Akaanza kupiga wimbo kwa mkono mmoja, mtupu, huku kidole gumba cha mkono wa pili kinazungusha gurudumu dogo la pembeni mwa kinanda, anateremsha noti kwa sikio lake tu.

Huwaria akaimba. Lakini wimbo bila mdundo ulimyumbisha. Akageuka, akatazama nyuma. Alimtazama Bakhta.

Mikono ya Bakhta haikumngoja mwenyewe. Dumbaki likalia, Mukhtaria akadaka kwa tari, na wanawake wakainuka kucheza.

Baadaye, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Nesrin alikuwa analia. "Sijui nimebonyeza nini, Mama. Vyote vimepotea."

"Hukubonyeza kitu," Bakhta alisema. "Ni mimi."

Huwaria aliyekuwa anavua bangili akasimama. "Nilikuachia nyumba yangu, Bakhta."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ulicheka," Bakhta alisema. "Siku ya gwaride, na wewe ulicheka."

Huwaria aliinamisha macho, akakaa kwenye benchi. Nesrin ndiye aliyefuta machozi kwa kiganja, amekasirika kwelikweli, ingawa bado alimwita Bakhta khala, mama mdogo.

"Kazi ya miezi, khala! Utairudisha yote, wimbo kwa wimbo, nami nimekaa nakuona." Akamkazia macho. "Na kule ndani nimekuta noti imeshushwa, nani kakuonyesha? Mimi mwenyewe nilihangaika."

"Hakuna. Nimejifunza."

"Basi tuanze kesho."

Kesho yake wakakaa bega kwa bega sebuleni kwa Huwaria, Bakhta anabonyeza, Nesrin anamsahihisha bila huruma. Huwaria aliingia na sinia la kahawa, akampa Nesrin kwanza. Bakhta aliona, kitu kikamchoma palepale pa siku zote. Akaweka kidole kwenye kitufe, akauliza wimbo unaofuata ni upi.