Ng'ombe Hawavunji Ua Bure

Ukimwona mama wa miaka sitini na mmoja, mzee wa kanisa, kitambaa cha Jumapili kichwani, amepiga magoti kando ya njia ya mlimani analamba jiwe, usikimbilie kumcheka. Uliza kwanza. Wanjuhi hakuuliza, alicheka mpaka akashika mbavu, lakini yeye ana ruhusa. Ni rafiki wa miaka thelathini, anauza gambuti pale Mogogosiek, na alikubali kupanda mlima na yale magoti yake mabovu.

"Mama Joan," akasema, "kama ni njaa, nina mkate kwa kikapu."

Mama Joan akatema, akafuta mdomo. Jiwe lilikuwa jiwe tu.

Jina lake kamili ni Janeffer Chepng'eno, na taabu yote ilianzia kwenye hilo jina la pili. Wakipsigis humwita mtoto kwa saa aliyozaliwa au mahali alipozaliwa, na Chepng'eno ni wa penye udongo wa chumvi, ule ambao ng'ombe huenda kuulamba. Mamake, Tabutany, alikuwa amekaa miaka minane katika ndoa bila mtoto. Mwaka mmoja akaenda kwao upande wa Sigowet, akakawia miezi na miezi, kisha akarudi kwa mumewe Kaplong kwa miguu, mtoto mgongoni. Alisema alishikwa na uchungu akiwa peke yake mlimani, amepeleka ng'ombe wa babake kwenye chumvi. Akaegemea jiwe, akazaa, na alipoinua macho akaona ziwa linang'aa kule jua linakotua.

Mke mwenzake, Yunia, hakuimeza hadithi hiyo hata kidogo. Mlima gani huo wenye chumvi? Ziwa gani? Akatangaza kwamba mtoto ameokotwa njiani. Tabutany alifariki Janeffer akiwa na miaka tisa, na tangu hapo hakuna aliyebaki wa kumjibu Yunia.

Mtu anaweza kuzoea neno kama hilo, na Janeffer alikuwa amelizoea. Lakini Jumamosi iliyokuwa inakuja, mtoto mchanga wa binti yake Joan angeitiwa jina la aliyetangulia. Ni Wakristo, ndiyo, na pasta anajua, na pasta hunyamaza. Kina mama wazee hukaa na mtoto, wakaita majina ya marehemu moja moja, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye amerudi. Ugoro kidogo karibu na pua husaidia, tusidanganyane. Janeffer alitaka jina la mamake liitwe. Yunia, miaka themanini na tisa na ulimi ambao haujang'oka hata jino moja, akasema mtu wa kuokotwa hana marehemu wa kuita. Na katika ukoo Yunia ndiye mkubwa aliyebaki. Akisema hapana, wengine hutazama chini.

Ndipo Janeffer akasikia kanisani kwamba huko nyuma ya Sigowet kuna mlima uliokuwa umefungwa miaka mingi kwa sababu ya msitu, sasa umefunguliwa. Kuna njia ya kuuzunguka, kilomita tisa, na mambo ya kale ya kutazama. Hakulala vizuri tena. Milima ni mingi, alijua, lakini kwa nini usiwe huo?

Kiongozi wa njia aliitwa Kiptum, mtu wa makamo, zamani karani wa kupima majani ya chai, na bado alisimama kama mtu anayesubiri gunia liwekwe kwenye mizani. Kabla hawajaanza alitoa masharti. Wafuate alama nyeupe za rangi. Wasichume maua. Na huko nyuma ya mlima wasivuke ua wa miiba. Ameuweka mwenyewe kwa sababu ya ng'ombe wa majirani, wanaouvunja na kukwangua ukingo wa udongo. Mwaka huu ameurekebisha mara nne. Ng'ombe wa siku hizi, alisema, hawana adabu.

Wakapanda. Pango lilikuja kwanza, mahali watu walipoficha mifugo askari wa wazungu walipokuja na bunduki. Janeffer aliingia mpaka ndani kabisa, akatoka na buibui kwenye kitambaa na ulimi wenye vumbi. Hakuna kitu. Juu zaidi kulikuwa na duara la mawe ambapo watu wa matuta yale walikuwa wakiomba wakielekea macheo. Aliuliza nani alisimama wapi, wanawake walikaa upande gani, na kama mama mjamzito aliruhusiwa kufika. Kiptum, ambaye wageni wake wengi huuliza tu choo kiko wapi, alifurahi mpaka akasahau saa. Lakini alipoulizwa kuhusu chumvi akatikisa kichwa. Hajawahi kuisikia. Chumvi ya ng'ombe si hununuliwa kwenye duka la agrovet?

Kileleni walikuta nguzo ya simenti ya wapima ardhi, waliogawa nchi ili chai ipandwe. Mashariki chai ilitandazwa kijani mpaka macho yakachoka, mabati ya viwanda yakimetameta katikati. Magharibi hakukuwa na kitu cha kuona, mikaratusi ilikuwa imesimama kama ukuta. Janeffer alizunguka nguzo mara mbili akitafuta upenyo. Halafu akaketi chini na kusema kwamba Yunia pengine alisema kweli. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililomuuma Wanjuhi.

Wanjuhi akamkatia mkate, akamwaga chai ya chupa. Akaanza kulalamika juu ya Kiptum na miiba yake. Kwao Nyandarua, alisema, ng'ombe akivunja ua mara moja ni tabia mbaya. Akivunja mara nne pale pale, babake angeenda kutazama kuna nini upande wa pili.

Janeffer akaacha kutafuna.

Walishuka upande wa nyuma haraka kuliko magoti ya Wanjuhi yalivyopenda. Ua ulikuwa pale penye kona, na ulikuwa umevunjwa tena, mara ya tano. Kiptum akaanza kunung'unika, akaenda kutafuta matawi. Janeffer hakungoja ruhusa. Akainua sketi, akapita penye pengo.

Ukingo ulikuwa wa udongo wa kijivu, umejaa mashimo laini ya ukubwa wa kichwa cha ng'ombe, mengine mapya, mengine ya zamani sana na yameota kuvu. Ndimi za vizazi zilikuwa zimechimba pale. Alibandua kipande, akakiweka mdomoni, na machozi yakamtoka kabla hajameza, kwa sababu kilikuwa chumvi. Chumvi kabisa.

Wanjuhi alifika akihema, akaonja naye, akakunja uso. Akaitikia kwa kichwa.

Lakini Janeffer alikuwa tayari anatafuta jiwe. Lilikuwa hatua sita kutoka ukingoni, limeinama kidogo, kimo cha mgongo wa mtu aliyekaa. Akiwa amesimama aliona matawi tu. Hapo akafikiri kidogo. Mwanamke mwenye uchungu hasimami kutazama mandhari. Akaketi chini, akaegemeza mgongo, akapanua miguu kama mtu anayezaa, mzee wa kanisa mzima. Akainua macho. Chini ya matawi, kati ya vilima viwili, ziwa lilikuwa pale, mstari mwembamba wa maji unaong'aa.

Alilia bila kuficha. Alifurahi, na alimwonea mamake huruma, kwamba alisema kweli miaka yote hiyo na hakuna aliyekuja kutazama.

Wanjuhi akaketi kando yake. Akasema, "Mwite basi. Jumamosi ni mbali."

Janeffer akaona haya kidogo. Mikono yake ilikuwa bado na vumbi la udongo ule, akajifuta machozi kwa viganja, akavuta pumzi.

"Tabutany," akaita.

Akapiga chafya. Ilikuwa kubwa, ikaruka mpaka bondeni na kurudi. Vumbi la chumvi, bila shaka. Hata Wanjuhi aliliona puani mwa mwenzake. Hakuna kati yao aliyesema vumbi.

Juu penye ua, Kiptum alikuwa amesimama na mzigo wa miiba mikononi. Alizaliwa na kukulia Sigowet, na nyanya zake walimwitia majina kama walivyowaitia wengine. Alitazama mashimo ukingoni, akamtazama mama aliyekaa chini, akaiweka ile miiba pembeni na kuvua kofia.

"Ameitwa nani?" akauliza.

"Mamangu," Janeffer akasema.