Ubeti wa Pili

Symphorien katekista alikuwa na ugonjwa mmoja tu: fumbo la maneno katika gazeti la misioni. Mwezi ule wa mvua, mwaka wa 1953, maulizo yote yalikuwa ya waimbaji na ndege. Alimpata kasuku, akampata chiriku. Likabaki neno moja, na Padri angepita mchana huohuo kuchukua karatasi. Mshindi angepewa taa ya petroli.

Akaenda kwa Godelieve, mwimbaji wa kanisa lao pale Walikale. Alimkuta mlangoni, macho msituni. Mume wake Hubert alikwenda kuangalia mitego na wenzake. Wao walirudi jana, yeye hapana. Asubuhi shemeji yake, Callixte, alikusanya wanaume wakaenda kumtafuta.

"Mama, ule wimbo wa Pasaka, ubeti wa pili. Ndege wa shamba wanafanya nini alfajiri? Inaanza na h."

"Sijui."

"Unauimbaka kila mwaka."

"Kuimba, njo, naweza. Kusema tu, siwezi."

Na ni kweli, jamani. Wimbo haushikwi katikati. Lazima uanze mwanzo, neno lije lenyewe.

"Basi imba."

"Papa Symphorien, bwana yangu iko mu pori. Muke wa muwindaji haimbake mpaka bwana afike. Unajua."

"Mambo ya zamani hayo. Wimbo wa Mungu utamuumiza namna gani?"

Mtu mwenye hofu huchoka kubishana. Godelieve alitaka tu aondoke, amwache angoje kwa amani. Akaanza polepole. Lakini sauti yake haikujua kunong'ona. Ilipofika ubeti wa pili ilikuwa imeshavuka migomba na kushuka bondeni hadi mtoni.

"Hushangilia," alisema Symphorien, akaandika.

Haukupita muda, kicheko cha wanaume kikapanda njiani. Callixte alikuwa mbele. Godelieve aliruka, akatafuta uso wa mume wake kati yao. Hakuuona.

"Iko wapi?" akauliza.

"Sisi njo tunakuuliza, shemeji. Alipita njia gani?"

"Nani?"

"Hubert. Si umeimba?"

Pale kijijini wimbo wa mke ndio habari kwamba mume yuko nyumbani, na hakuna anayeuliza mara mbili.

"Hajafika," akasema. "Niliimba bure."

Kicheko kilikatika. Callixte hakumwangalia.

"Tulikuwa ku muto," alisema. "Kulikuwa sauti inaita ng'ambo, kidogo sana. Tukasema njo yeye. Kisha tukakusikia, tukasema basi, ile ni nyani."

Mvua ilikuwa imeanza kupiga majani ya migomba, na mto ule ukijaa hauvukwi. Godelieve alikuwa ameshashuka nusu ya kilima, bila kitambaa kichwani, wanaume wakikimbia nyuma yake.