Mngurumo wa Themanini

Teksi ya baba mkwe ilinguruma kila mshale wa mwendo ulipogusa themanini. Mngurumo wenyewe ulitoka paani, ukajaa masikioni hata abiria wakaomba kushuka njiani. Mafundi watatu walibadilisha magurudumu na raba za injini, wakaishia kukuna vichwa. Wa nne alitaka kung'oa paa.

"Paa lisiguswe!" mkamwana alisema. Kazi yake ilikuwa kupima mitetemo kwenye kiwanda cha magari, na Jumamosi hiyo alifika na begi lake la vifaa.

Mzee alimtazama kwa jicho la pembeni. "Mwanangu, kelele si iko juu?"

"Inasikika juu, baba. Tutafute inakoingilia."

Alibandika kwa nta vipima mtetemo kumi na viwili, vidogo kama punje za mahindi, sakafuni, kwenye nguzo za milango na paani. Kisha akagonga bodi kwa kinyundo, ngo! Kwenye kompyuta, mstari wa paa ukachomoza kama mnara. Kumbe paa liliitikia tu. Kulikuwa na kitu kinacholiita.

"Washa, baba, bila kuweka gia! Kanyaga mafuta taratibu mpaka injini ivume kama kwenye themanini... Hapo hapo, shikilia!"

Mngurumo ukalipuka. Aliikodolea macho kompyuta. Kabla ya paa ilitetemeka nguzo ya nyuma, kushoto. Kabla ya nguzo, sakafu. Alifuata mtetemo hatua kwa hatua mpaka chini ya kiti cha nyuma, akanyakua tochi, akajitupa chali uvunguni mwa gari.

Raba moja ya kuning'inizia bomba la moshi haikuwapo. Mahali pake palikazwa waya mnene, na kila bomba lilipotikisika, waya uliupeleka mtikisiko wote kwenye bodi.

"Nimekupata!" alipiga ukelele, akajigonga kichwa, wala hakujali. "Nani kafunga waya huu?"

Mzee akakohoa.

"Mimi. Ulikuwa wa muda tu... mwaka juzi."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Raba mpya ilifungwa kwa dakika kumi, wakaingia barabara kuu. Sitini. Sabini. Themanini. Tisini! Ndani ya gari ungesikia mtu akimeza mate.

"Mpigie mama yenu," mzee aliamuru kutoka kwenye usukani. "Weka spika. Mke wangu! Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Ndicho hicho! Ndicho hicho hasa!"