Majivu ya Bendera

Nathanaeli alikamatwa Jumatano asubuhi, na kosa lake mpaka leo hajalielewa. Na mimi, nisiseme uongo, sijalielewa pia.

Alikuwa mzee wa kanisa hapo Mlalo, mtu wa uji na maji basi. Kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa akapewa kazi ya bendera ya ofisini, asubuhi aipandishe, jioni aishushe. Lakini upepo wa mlimani hauna adabu. Mwaka haukwisha, bendera ikawa matambara. Ilipoletwa mpya kutoka Lushoto, hii kuukuu aifanyeje? Aitupe jalalani? Mungu apishe mbali! Apangusie meza? Athubutu! Yeye alijua desturi moja tu ya kitambaa kitukufu kilichochakaa. Usharikani kwao kitambaa cha altare, meza ya ibada, kikizeeka, wazee hukichoma kwa heshima, na majivu huzikwa mahali pasipokanyagwa. Basi akavua kofia, akawasha moto nyuma ya ofisi, akaimba ubeti mmoja, akaichoma.

Salimu, mgambo wa kijiji, alimkuta anachimba kishimo cha kuzikia majivu. Akamshika mkono mpaka ofisini.

Katibu wa kijiji alikuwa Severin, kijana aliyezoea kumpa shikamoo kila akipita. Siku hiyo hakumwamkia.

"Mzee, umechoma bendera ya taifa?"

"Nimeichoma, ndiyo. Kwa heshima."

"Kwa heshima! Anayechoma bendera anaipinga serikali. Wewe unapinga vijiji?"

"Mimi? Si ndimi niliyekipa kijiji shamba la bondeni?"

"Sikuulizi shamba. Kwa nini hukuniletea hiyo bendera?"

"Ningekuletea, wewe ungeifanyeje?"

Severin akapekua karatasi za mezani. Hakujua. Lo! Katibu mzima hakujua, na anayeulizwa ni Nathanaeli!

Kijana akachukua kalamu, akainamisha kichwa. "Mzee wangu, nikiandika hayo unayosema, gari litakuja likupeleke Lushoto, na kurudi kwako sikujui. Nikiandika ulikuwa umelewa, nakuonya mimi mwenyewe, unakwenda kukatia ng'ombe majani. Mlevi hajui atendalo."

"Sijaonja pombe tangu nibatizwe!"

"Najua."

"Basi mwenye akili timamu akieleza alichokusudia anafungwa, na mlevi anasamehewa?"

"Mzee, usinichanganye. Chagua."

Nathanaeli aliitazama kalamu. Mahindi yalikuwa hayajavunwa, na mkewe Yunis alikuwa na kifua kisichopona. Kuusema ukweli ni kutukana nchi, kudanganya ni kuiheshimu? Akaandika jina lake chini ya maneno "nilikuwa nimelewa". Severin akampa mkono, na hapo ndipo akakumbuka kusema shikamoo.

"Marahaba," akajibu, maana jibu jingine hakuwa nalo.

Akapanda kilima hadi kwake. Mdomo wa Salimu ulikuwa umemtangulia, kwa hiyo Yunis alikuwa mlangoni, kanga ameifunga kifuani, anakohoa.

"Baba Esta, wamekuachia?"

"Wameniachia."

"Wanasema ulikiri mwenyewe kuwa ulilewa. Kwa maandishi."

Akataka kueleza, asijue aanzie kwenye altare au kwenye kalamu. Miaka thelathini na moja walikuwa wameishi pamoja. Yunis akamsogelea, akamshika ukosi wa shati, akamnusa mdomo. Kisha akamnusa tena.