Haya ya Vidoleni

Mama yangu, Bi Mishi, hupaka hina maharusi wa Mishomoroni mpaka Magogoni, na simu yake huishi ndani ya ushungi. Huichomeka pale shavuni, kitambaa kikaibana sikioni, mikono ikabaki huru. Hapo atachora ua, atapatana na mteja wa simu, atamuuliza dadangu Samah kama wali umekauka, na mimi atanitukana, yote kwa pumzi moja. Shida mdomo ni mmoja, basi majibu hugawika ovyo. Mteja wa simu huambiwa apunguze moto. Mimi huambiwa nije Ijumaa, miguu nimeshaiosha.

Ulimi wa mama nimeusoma kuliko nilivyosoma kemia. Akiwa kwenye maua makubwa husimulia habari za mtaa mzima, na vituo vyake. Akiingia kwenye vikonyo, maneno hukatika mikia: "Mpe yule... kile... cha kule." Na akifika vidoleni, ambako mstari ni mwembamba kama unywele, hubakiwa na neno moja tu: haya. Ukimwomba kitu akiwa vidoleni, umepata. Ndivyo nilivyopata njiwa wangu juu ya paa. Yeye alidhani ni wa jirani.

Basi mchana mmoja nilikuwa upande wa pili wa pazia nikikoroga hina, mama yuko na bi harusi, simu imo ushungini. Aliyepiga ni Bi Khairiya, mwenye duka la vitambaa kule Magogoni. Huyu si mtu wa kukosana naye. Kila anayenunua kitambaa cha arusi kwake huelekezwa kwetu kwa hina.

"Samah! Tui la kwanza bado!" mama akapiga kelele. Kisha, "Nakusikia Bi Khairiya, wallahi nakusikia. Dada, usitikise mguu. Mmh... Mmh... Haya. Haya, Ijumaa baada ya alasiri. Haya."

Ushungi ukapiga vigelegele.

Wallahi, ushungi wenyewe! Mama alishtuka, mstari ukaruka mpaka kifundoni kwa bi harusi. Vigelegele viliendelea kutoka shavuni mwake, kisha sauti ya Bi Khairiya ikasema, kubwa, sote tukaisikia: "Mungu akubariki, Mishi! Zuhair amepata mke!"

Samah alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mke gani?"

Mimi niliacha kukoroga.

Samah alikuwa na barua ya chuo cha uuguzi, masomo yaanza mwezi wa tisa. Sare ameshaishona, na kila jioni aijaribu mbele ya kioo kama anakwenda ikulu. Zuhair naye, mwana wa Bi Khairiya, alisemekana atakwenda kufungua duka Muskati, na mke atafuatana naye. Uuguzi na Muskati havikai chungu kimoja.

Bi harusi alipoondoka, Samah akamkabili mama. "Mama, mpigie. Mwambie hukusikia."

"Nimwambie nimemwitikia haya, tena nimempa siku, kisha sikusikia? Wanitaka niwe muongo uzeeni?"

"Kwani ulisikia?"

Mama akachukua ufagio akafagia mahali palipokwisha kufagiwa. "Neno si mate, mwanangu, ukalitema ukalifukia. Babako angekuwa hai angenambia hivyo hivyo."

Baba alishatangulia, Mungu amrehemu, na neno la nyumba ni la mama. Basi likabaki hapo, kama mgeni asiyeaga.

Siku zilizofuata nyumba haikukalika. Mama alikaanga kaimati zikaungua. Samah aliipiga pasi sare ile ile mpaka ikang'aa. Mimi nilipanda kwa njiwa nikashuka, nikapanda tena, hata njiwa wenyewe wakanichoka.

"Faki," Samah akaniambia chini ya ngazi, "ulimi wako ni mrefu kwa upuuzi tu? Fanya kitu!"

"Nifanye nini? Nimuoe mimi Zuhair?"

Hakucheka. Macho yalikuwa yamemjaa maji. Nami utani ukanikauka mdomoni, jambo ambalo si kawaida yake.

Ijumaa Bi Khairiya akaja, peke yake, kapu la matunda mkononi, udi umemtangulia. Nikamwamkia, nikapokea kapu, nikarudi nyuma ya pazia. Kahawa ikanyweka, kaimati za kuungua zikasifiwa. Mama alikuwa akikunja na kukunjua pindo la leso. Bi Khairiya akakohoa, kile kikohozi cha mtu anayekaribia jambo lenyewe, na mimi nikatoa kichwa.

"Mama, mgeni ataondokaje mkono mtupu, na hina ipo?"

"Astaghfirullah, umenikumbusha!" Mama akarukia koni ya hina kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. Akaushika mkono wa mgeni, akaanza.

Nikangoja. Maua makubwa: mama akasimulia habari za maji ya mfereji, na vituo vyake. Vikonyo: "Kile... cha yule..." Samah alikuwa amelishika shati langu kwa nyuma. Vidoleni. Kimya.

"Mama," nikasema nyuma ya pazia, kwa adabu zote, "mkaa umekwisha. Nivunje meza tuchome?"

"Haya."

Bi Khairiya akainua uso.

"Na mama, nimeoa. Mke yuko nje. Apite?"

"Haya, avue viatu."

Bi Khairiya aliangua kicheko mpaka bangili zikalia.

"Mbona watikisika?" mama akamkemea. "Utaniharibia!"

"Mishi, mwanao ameoa!"

"Nani kaoa?"

Kisha kicheko kikamwisha Bi Khairiya, pole pole, kama jiko linalozimika. Akamtazama mama. "Siku ile kwa simu, ulikuwa ukichora?"

Mama aliinamisha kichwa. "Nilikuwa vidoleni."

"Basi weka koni chini. Nikuulize upya."

Mama akaweka koni. Akachomoa simu ushungini, akaifunika kifudifudi juu ya mkeka. Mikono yake haikujua pa kwenda. Iligusa magoti, ikagusa kapu, ikarudi magotini. Sijapata kumuona mama akifanya jambo moja tu, na wallahi lilimtoa jasho.

"Samah ana chuo mwezi wa tisa," akasema, kila neno limekamilika, halikukatika mkia. "Siwezi kukupa haya yake, Bi Khairiya. Si yangu. Nisamehe."

Shati langu likashikwa mpaka kola ikanikaba.

Bi Khairiya alikaa akiutazama mkono wake, vidole viwili vimechorwa, vitatu bado. Nilijua maharusi wote anaotuelekezea wako pale, kwenye vile vidole vitatu.

"Zuhair," akasema hatimaye, "nilimuuliza alipokuwa akipima kitambaa. Wateja wamejaa dukani. Akanambia, haya mama."

Wakatazamana. Mama ndiye aliyeanza, kwa pua, kisha wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega, hina ikamwingia mama kwenye ushungi. Samah aliniachia shati, akakimbilia chumbani. Nikasikia kabati la sare likifunguliwa.

"Nimalizie mkono," Bi Khairiya akasema akijifuta machozi. "Sitarudi Magogoni na vidole viwili."

Lakini mama hakuichukua koni. Mikono yake ilikuwa mitupu bado, masikio wazi, na juu ya paa, kwa bahati yangu mbaya, njiwa wakaanza kunguruma.

"Faki."

"Labeka, mama."

"Hebu nambie. Wale njiwa ni wa nani?"

"Mama," nikasema, "mgeni anangojea vidole."