Jioni ya Waarmenia Nizwa

Katika chama cha utamaduni cha wanafunzi, chuoni Nizwa, Alyaa alipewa kazi ya kutangaza. Chama kilikuwa kinaandaa jioni ya Waarmenia kwa ajili ya rafiki yake Arpi, mzaliwa wa mji wa Halab, ambaye baba yake alikuwa daktari wa meno mjini. Kungekuwa na nyimbo, tarizi na mikate. Halafu Arpi angewataja watu wa ukoo wake waliouawa mwaka 1915, Waarmenia walipofukuzwa makwao katika dola ya Uthmaniya na kuswagwa jangwani.

Mabango yalikaa ukutani wiki nzima. Hakujiandikisha mtu.

"Nani atoke kwao aje kulia?" alisema Sinan, mwenyekiti wa chama. "Andika maonyesho ya vyakula. Wakishaingia, watasikia."

Alyaa akaandika hivyo. Kabla ya adhuhuri majina yakamiminika, mpaka ya watu wa Bahla na Fanja. Alipaswa kufurahi, lakini alikuwa akifungua simu, akiifunga, akiifungua tena. Mara Arpi akapiga.

"Nimeliona tangazo," alisema kwa Kiarabu chake cha Halab. "Mama wa bibi yangu yuko wapi humo?"

"Watamsikia wakifika."

"Watakuja na sahani, Alyaa." Akakata.

Nyumbani kwao Manah, Alyaa hakukaa kitako. Alitoka ukumbini, akaingia jikoni, akatoka tena. Bibi yake, Bi Mabruka, mzaliwa wa Unguja mjini, alikuwa akimwangalia.

"We Alyaa, mbona hutulii, kama mwenye siafu?"

Alyaa akamweleza yote.

"Sisi tulipofika Oman baada ya mapinduzi tulipikiwa," alisema Bi Mabruka. "Leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Wema kweli, Mungu awalipe. Lakini hapana hata mmoja aliyetuuliza nani hakufika."

"Nani hakufika, Bibi?"

Bi Mabruka akanyanyuka. "Alasiri hiyo inaadhiniwa," alisema, na adhana ilikuwa haijasikika bado.

Alyaa akalifuta tangazo la vyakula. Akajirekodi kwa Kiarabu, kisha, bila kupanga, kwa Kiswahili: "Waarmenia walikufa wengi. Rafiki yangu atataja majina yao. Chakula iko kidogo. Kama na nyumbani kwenu kuna jina haisemwi, njooni chuoni Nizwa, Alhamisi jioni." Ya Kiarabu akaituma kwa waliojiandikisha, ya Kiswahili kwenye kundi la jamaa wa Unguja.

Wengi waliojiandikisha wakajitoa. Sinan akaacha kusema naye. Lakini ile sauti ya Kiswahili ilitembea, maana watu waliisambaza wakimcheka. "Jina haisemwi!" aliandika mama mmoja wa Sur. "Hawa watoto wameiua lugha." Alyaa akaitia simu chini ya mto, uso unamwaka. Hakufikiri kwamba kila walipomcheka, siku na mahali vilikwenda pamoja na kicheko.

Siku ilipofika ukumbi haukujaa. Wanafunzi walikuwa wachache, ila nyuma walikaa wazee ambao Alyaa hakuwajua, waliotoka Ibra na Sur. Bi Mabruka naye alikuja, akisema anakuja kumtazama mjukuu tu.

Arpi alitaja majina kwa moyo, na kila jina kwa kile kidogo kilichobaki: huyu aliuza nyuzi, huyu alikuwa hajaanza kutembea. Alipomaliza, hakuna aliyejua kama inafaa kupiga makofi.

Mmoja wa wazee hao, Mzee Khalifa wa Ibra, akasimama, akamwambia Alyaa kwa Kiswahili: "Mjukuu wangu, mfasirie. Walizikwa wapi?"

Alyaa akafasiri. "Hatujui," alisema Arpi.

"Na sisi wetu hatujui," alisema mzee, akakaa.

Mama mmoja akachukua mkoba wake. "Mnafukua nini?" alisema kwa hasira, akatoka. Alyaa alitamani kumfuata, alitamani pia kujificha. Ndipo alipomwona Bi Mabruka ameshika kiti cha mbele yake, anainuka.

"Ndugu yangu Shihab," alisema. "Alitoka asubuhi kwenda kumtafuta baba, hakurudi. Kijana wa kuringa, akiringia viatu vyake."

Alyaa akafasiri, na jina la babu yake huyo, alilolisikia leo mara ya kwanza, akalisema mara mbili.

Arpi alikuwa ameshashuka jukwaani. Akaja kukaa kando ya Bi Mabruka.

"Muulize," alimwambia Alyaa, "viatu vilikuwa vya rangi gani."