Chupa ya Ulanzi Mbele ya Sumaku

Miaka kumi na mmoja iliyopita Bwana aliniponya, nami nikamwekea nadhiri ya kutogusa pombe. Nadhiri hiyo niliitunza. Lakini kila nikienda kwetu Iringa nilikunywa ulanzi wa asubuhi, ule mtamu unaogemwa kwenye mianzi, kwa sababu kwetu huo ni kama juisi.

"Mama Gloria, hiyo ni pombe," alisema Andendekisye, fundi seremala tunayekaa naye dawati moja katika masomo ya jioni ya kemia hapa Mbeya. "Ninyi Wahehe mnajidanganya tu."

"Basi ile mashine ya sumaku ya darasani iamue," nikamjibu. "Ikikuta pombe, nitatubu mbele ya akina mama wa kanisa."

Darasa zima likapiga makofi. Sikuweza tena kurudi nyuma.

Likizo ilipokwisha nilirudi na chupa mbili za ulanzi, vifuniko nimevilegeza, moja ya darasa na moja ya safari. Mwalimu Asukile aliuchuja ulanzi, akautia kidogo maji mazito, yale ya maabara ambayo mashine haiyaoni, akaujaza kwenye kijibomba cha kioo chembamba kuliko kalamu, kisha akakitumbukiza katikati ya sumaku. Niliomba kimoyomoyo. Mstari ukaanza kujichora kwenye kompyuta.

"Haidrojeni hujibu sumaku kulingana na majirani zake," Mwalimu alisema. "Mama, hesabu majirani, kisha ongeza moja, utapata idadi ya ncha. Huu msongamano ni sukari. Na hapa kulia?"

"Ncha tatu," nikasema. "Kwa hiyo majirani wawili."

"Wanaonekana wapi hao majirani?"

Niliwatafuta kwa kidole mpaka nikawapata kwenye ukingo wa sukari: ncha nne, kwa hiyo wao nao wana majirani watatu. Kaboni yenye haidrojeni tatu, kando yake kaboni yenye mbili. Tuliichora ubaoni kabla ya likizo. Nilijua jina lake.

"Ethanoli," nikasema. "Kilevi chenyewe."

"Haleluya!" alipaza sauti Andendekisye. Kisha akanionea huruma. "Lakini Mama, jitetee. Sema umechachia njiani. Iringa si karibu."

Mwalimu alitikisa kichwa. "Inawezekana. Mashine inasema kilichomo sasa, haijui cha asubuhi. Ila nieleze, kifuniko ulikilegeza kwa nini?"

"Ulanzi ukifungwa kabisa chupa hupasuka, Mwalimu. Hata mtoto wa kwetu anajua."

Nami nikajisikia nilivyosema.

"Juisi gani hiyo inayopasua chupa?" Andendekisye aliuliza taratibu.

"Na ile chupa ya safari?" akaongeza Mwalimu.

"Niliimalizia njiani, Makambako," nikakiri. "Kutoka pale niliimba tenzi mpaka Uyole. Nilidhani ni Roho."

Walicheka hadi mlinzi akaja kuchungulia. Nilicheka nao, ingawa macho yalilowa.

Alhamisi nilisimama mbele ya akina mama na karatasi ya mashine mkononi. Nilieleza ncha tatu, nikaeleza nne, nikatubu, nikaahidi kuanza nadhiri upya, safari hii bila ulanzi wa saa yoyote. Waliniombea kwa upendo.

Tulipokuwa tukitoka, Mama Tusekile, mwenyekiti wetu, alinivuta kando penye maua.

"Mwanangu," alinong'ona, "mashine hiyo hupima na togwa, ule uji mtamu wa kimea?"

"Hupima, Mama. Nikuchukulie sampuli?"

"Hapana, hapana," akasema haraka. "Nilikuwa nauliza tu."